Ukumbusho wa Baharia Asiye na Kaburi

Leo twataka kutazama kazi ya sanaa isiyofanywa kwa ajili ya kupamba nyumba, bali kwa kuwasaidia wafiwa. Mtu akifa nyumbani huzikwa, na jamaa hujua mahali pa kwenda kumwombea. Lakini baharia aliyezama mbali hana kaburi. Kila chombo kitokeapo, moyo wa mkewe humdunda. Basi, matanga yaanuliwe lini?

Watu wa Ouessant, kisiwa kidogo cha Ufaransa chenye miamba na mikondo mikali, walijibu swali hilo kwa nta. Zamani wanaume wengi wa huko walikuwa mabaharia. Habari ya kifo ilipofika, palitengenezwa msalaba mdogo wa nta, ulioitwa proëlla, ushike mahali pa maiti. Uliwekwa mezani juu ya kitambaa cheupe, mishumaa ikawashwa, na jamaa na majirani wakakesha wakisali. Asubuhi padre alikuja, ukachukuliwa kanisani kama jeneza lichukuliwavyo, ukafanyiwa ibada ya maziko. Baadaye misalaba hiyo ilikusanywa na kutiwa katika mnara mdogo uliojengwa makaburini mwaka 1868. Proëlla ya mwisho ilifanywa mwaka 1962.

Angalieni: nta ni kitu rahisi, na msalaba ule haukuwa na sura ya marehemu. Lakini uliweza kubebwa na kuwekwa mahali pa kudumu. Mjane alirudi nyumbani akijua kwamba amekwisha kuzika.

Katika mji wa Gloucester, Marekani, ipo sanamu kubwa ya shaba ya mvuvi ashikaye usukani, kazi ya Leonard Craske ya mwaka 1925. Baadaye yaliongezwa mabamba yenye majina ya wavuvi zaidi ya 5,000 waliopotea. Hapo mtu aweza kutafuta jina la babu yake, akaligusa kwa kidole.

Basi, ikiwa kijiji chenu kimepoteza mabaharia, msingoje fedha nyingi. Kwanza, waulizeni jamaa kama waridhia, na dini yao yaruhusu nini. Pili, hakikisheni majina, chombo na mwaka. Tatu, chagueni jiwe au ubao mgumu, mkauweke mahali watu wapitapo. Fundi asiyeweza kuchonga sura na achonge herufi vizuri. Jina likikosewa, msiba huanza upya.