RELI MBILI NA MAHINDI YETU
Maneno ya Katibu kwenye kikao cha tawi leo

Ndugu wanachama,

Shaba ya Kongo na Zambia inagombewa. Marekani na Ulaya wanasukuma reli ya Lobito, Angola. China, iliyotujengea TAZARA mwaka 1970 hadi 1975, imerudi kuifufua, mzigo upite Tunduma hadi Dar es Salaam.

Sisi Ufipa tuko jirani. Mahindi yetu huvuka ziwa kutoka Kasanga. Mwaka 2025 M23 waliteka Goma, kisha Bukavu. Vita ikishuka ziwani, soko linayumba.

Nimesomea uhasibu: deni la ng'ambo ni mali vitabuni, lakini si fedha mpaka lilipwe. Tuuze kwa pamoja, kwa mzani, fedha mkononi. Na Mkongo aliyekimbia vita ni mgeni wetu, si adui.

Katibu wa Tawi, Sumbawanga