MAISHA YA KIJIJI KIDOGO, NA ADUI WA MIGOMBA

(Maneno yaliyosemwa na karani mmoja mbele ya mkutano wa wazee, walimu na wakulima)



Nimeombwa niseme nanyi habari za maisha ya kijiji kidogo katika nchi zetu za Ngara na Biharamulo. Mimi si mzee wa kutoa mashauri. Ni karani tu, na kazi yangu ni kuandika maneno ya watu wengine. Lakini nimezaliwa kijijini, nimelelewa kwa ndizi na maharage, na jambo nitakalolisema leo limenipata mimi mwenyewe. Kwa hiyo nawaomba mnistahimilie.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Ngara ni nchi ya vilima, na mito yake mikubwa, Ruvubu na Kagera, hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo. Nyumba za vijiji vyake hazikupangwa mstari mmoja kama za mjini. Kila moja imejificha ndani ya migomba yake, hata mgeni apitaye njiani huona majani tu, asijue kuwa amekwisha pita mbele ya nyumba kumi. Upande wa Biharamulo pori ni kubwa zaidi, na watu hulima sana mahindi na mihogo pamoja na migomba.

Mgomba kwetu si chakula tu. Mahindi huvunwa kwa msimu, lakini shamba la migomba lililotunzwa vema hutoa mkungu huu leo na mwingine juma lijalo, mwaka mzima. Ndizi hulisha watoto, hutengeneza pombe ya arusi na ya matanga, na zikiuzwa sokoni hununua daftari na chumvi. Majani yake hufunika ardhi isikauke. Kahawa na maharage hukua kivulini mwake. Lakini mgomba haujitunzi wenyewe. Wahitaji samadi, wahitaji nyasi za kutandaza shinani, na nyasi hizo mara nyingi huletwa na mama zetu kichwani kutoka vilimani. Mtu akiona shamba jeusi, lenye rutuba, ajue anatazama jasho la miaka mingi, na mara nyingi la watu waliokwisha kufa.

Sasa nataka mjue neno moja, ndilo kiini cha maneno yangu: kijiji hakina ukuta. Kila mtu ana mpaka wa shamba lake, na kesi za mipaka twazijua sote. Lakini heri na shari hazijui mpaka ule.

Wazee wetu walijifunza neno hili kwa uchungu. Katika miaka ya 1930, Serikali ya wakati ule iliwahamisha watu wa Biharamulo waliokaa mbalimbali porini, ikawakusanya mahali pamoja, kwa ajili ya malale, ugonjwa uletwao na mbung'o. Kuacha makaburi ya baba na mashamba ya babu si jambo jepesi. Lakini sababu yake ilikuwa hii: mbung'o hupenda kivuli cha pori, naye haipendi nchi iliyofyekwa na kulimwa. Mtu mmoja aliye peke yake hawezi kulizuia pori; akifyeka huku, linamea kule. Watu wengi wakikaa pamoja na kulima pamoja, pori hurudi nyuma.

Tena, wengi wenu mnakumbuka mwisho wa Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi, wakikimbia vita na mauaji. Kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa katikati ya vijiji vyetu. Hatukuulizwa kama tulikuwa tayari. Miti ilikwisha vilimani, maana kila jiko lilitaka kuni, na hata baada ya wengi wao kurudi kwao mwisho wa mwaka 1996, upungufu wa kuni ulibaki. Jambo lililoanza ng'ambo ya mto likawa jambo la kila nyumba.

Basi sasa yuko adui mwingine, naye haji kwa kishindo. Ni ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ambao wengi huuita unyanjano. Ulijulikana zamani huko Ethiopia. Mwaka 2001 ukaonekana Uganda katika migomba, na mwaka 2006 ukaonekana katika mkoa wetu wa Kagera, huko Muleba. Dalili zake ni hizi: majani hugeuka manjano na kunyauka kana kwamba yameunguzwa, ua dume husinyaa, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukizikata waona ndani madoa ya rangi ya kutu. Ukikata shina, hutoka utomvu wa manjano. Hakuna dawa ya kuuponya mgomba uliokwisha ingiwa.

Hapa ndipo penye habari yangu. Shamba langu limepakana na la baba yangu mkubwa. Siku moja nilikwenda kwake kumrudishia panga nililoazima, nikaona migomba yake miwili imegeuka manjano. Mimi nilijua maana yake, kwa kuwa bwana shamba alikwisha tufundisha. Lakini nilinyamaza. Kwanza nilisema moyoni, Nani mimi, kijana, nimwambie mzee akate migomba aliyoachiwa na baba yake? Pili, niseme kweli, niliogopa nisije nikaambiwa kuwa ni panga lile nililolitumia mimi ndilo lililoleta ugonjwa. Basi nikamsalimu, nikaenda zangu.

Kabla mwaka haujaisha shamba lake lote lilikuwa limenyauka, na nusu ya shamba langu pia. Tulipokuwa tukiing'oa aliniuliza, “Mwanangu, siku ile ulipoleta panga, ulikuwa unajua?” Nikashindwa kujibu. Akasema, “Basi heshima yako imetunyima chakula sisi sote wawili.” Hakunigombeza zaidi ya hapo, na ingekuwa afadhali kama angenigombeza.

Ndugu zangu, wahenga walisema, Mficha maradhi, kilio humfichua. Nawaomba mshike mambo manne.

Kwanza, mgomba ukitoa chane ya mwisho, vunjeni ua dume kwa kijiti chenye panda, msilikate kwa panga, maana wadudu waendao kwenye ua lile huchukua ugonjwa kutoka mgomba hata mgomba.

Pili, panga likitumika katika shamba moja lisiingie katika shamba jingine kabla ya kupitishwa motoni hata lipate moto sana, au kuoshwa kwa maji ya jiki. Na lililokata mgomba mgonjwa lisiguse mzima kabla ya kufanywa hivyo.

Tatu, mwonapo shina lenye dalili, likateni usawa wa ardhi siku ile ile, na kulikagua shamba tena na tena. Shamba likiwa limeingiwa karibu lote, ling'olewe, na mahali pake palimwe maharage au mahindi kwa miezi 6 au zaidi.

Nne, msichukue miche mahali msipopajua. Mche waweza kuonekana mzima na ndani yake mna ugonjwa.

Najua wako watakaosema, “Kukata migomba ni kukata chakula cha watoto.” Ni kweli, na mkono unaoshika panga hilo hutetemeka. Lakini anayekata shina moja leo amepoteza mkungu mmoja. Anayengoja hupoteza shamba, na jirani yake hupoteza lake. Tena wako wajane na wazee wasio na nguvu. Hao tusiwaache peke yao. Kama tunavyokusanyika kuchimba kaburi bila kuitwa mara mbili, na tukusanyike vivyo hivyo kulisafisha shamba la asiyeweza.

Nanyi wazee, nawaomba neno moja. Kijana akija kwenu na habari mbaya za mashamba yenu, msiihesabu kuwa ni utovu wa adabu. Mpeni kiti, mmsikilize. Na ninyi vijana wenzangu, msiite woga kwa jina la heshima, kama nilivyofanya mimi.

Baba yangu mkubwa amekwisha panda upya. Mwaka huu nilipokwenda kumsalimu alinipitisha kwanza shambani, akaniambia, “Tazama vizuri, mwanangu, kisha uniambie ulichokiona.” Nikatazama mgomba mmoja mmoja, nikamwambia.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo.