AJALI YA GARI MLIMANI: SOMA KABLA YA KUTIA DOLE



Leo tunazungumza juu ya ajali ya gari na haki ya aliyeumia. Sisi watu wa Usambara tunazijua barabara zetu. Kutoka Mombo kupanda Soni mpaka Lushoto ni kilometa 33 hivi, kona juu ya kona, mlima huku na bonde huku. Hiyo ina lami. Nyingi za vijijini ni za udongo, na masika yakianza zinateleza kama sabuni. Gari limejaa kabichi na viazi, watu wamekaa juu ya magunia, breki zimechoka. Hapo ajali haiko mbali.

Ajali ikitokea, kwanza tuokoe watu. Majeruhi apelekwe zahanati au hospitali. Polisi hutoa fomu ya matibabu iitwayo PF3. Fomu hii ni ushahidi wa jinsi mtu alivyoumia. Lakini anayetokwa damu nyingi atibiwe kwanza, na ndugu mmoja aifuate fomu kituoni.

Wakati huo huo, ninyi mnaojua kuandika, toeni kalamu. Andikeni haya:
1. Namba ya gari.
2. Jina la dereva na la mwenye gari.
3. Mahali, siku na saa.
4. Majina ya walioona.
5. Namba ya taarifa mliyopewa polisi, yaani RB.

Risiti za dawa na nauli za kwenda hospitali zisitupwe. Zifungwe pamoja, ziwekwe pakavu.

Sasa sikilizeni, jamani. Tuchukue mfano wa mama aliyefiwa na mumewe kwa ajali ya lori. Watu bado wako matanga, anakuja mjumbe wa mwenye gari. Ameleta gunia la mchele, mafuta na shilingi laki tatu. Anatoa na karatasi. Anasema, "Pole sana mama. Tia dole hapa, ni kuonyesha umepokea ubani." Mama ana majonzi, macho yamejaa machozi. Anatia dole. Kumbe karatasi inasema: "Nimelipwa fidia yote. Sina madai mengine."

Watoto wanne watasoma kwa laki tatu? Hawatasoma. Na akienda kudai, ataonyeshwa dole lake mwenyewe.

Ndugu zetu, ubani ni ubani, na fidia ni fidia. Ubani upokeeni, ni utu. Lakini karatasi isomeni neno kwa neno. Kama ina neno msilolielewa, msitie sahihi wala dole. Semeni, "Tuachie nakala, tutaisoma na wazee." Mtu mwenye nia njema ataiacha.

Wengine husema, "Dereva ameshapigwa faini, basi kesi imekwisha." Sivyo. Faini inakwenda serikalini. Mahakama inayomtia dereva hatiani inaweza pia kuamuru alipe fidia, lakini isipoamuru, aliyeumia anaweza kufungua kesi yake ya madai.

Je, dereva hana kitu? Sheria inataka gari linalotumika barabarani liwe na bima ya kuwalipa watu wengine litakaowaumiza. Ndiyo sababu tumesema namba ya gari iandikwe. Kwa namba hiyo polisi wanaweza kuijua kampuni ya bima. Kampuni ipelekewe barua mapema, nanyi mbaki na nakala. Ikikataa au ikizungusha, ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Aliyefiwa ana hatua moja zaidi. Ukoo ukae kikao, uandike muhtasari, umpendekeze msimamizi wa mirathi. Mahakama ikimthibitisha, ataweza kusimamia madai ya marehemu. Mke, watoto na wazazi waliomtegemea marehemu nao wana haki ya fidia.

Tusichelewe. Kesi ya madai ya kuumizwa kwa uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Ikipita, mlango umefungwa.

Tena tujihadhari na vishoka. Hawa hufika hospitalini, hujiita wanasheria, na fidia ikitoka hubaki nayo wao. Mtu asiyeonyesha kitambulisho wala ofisi yake asikabidhiwe PF3 wala risiti.

Mtasema, "Wakili ni ghali, na mjini ni mbali." Kweli. Lakini mwaka 1954 kilianzishwa Chama cha Mawakili cha Tanganyika, na mawakili wake husaidia wasio na uwezo. Tena ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kwa sheria hii wapo wasaidizi wa kisheria wanaowasaidia watu bila malipo. Ulizeni ofisi ya kata au kwa afisa maendeleo ya jamii wilayani. Na tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Basi tusiogope kwenda.

Kusoma tumejifunza. Tukutumie siku ya shida, kwa ajili yetu na kwa jirani ambaye bado hajui.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini tuandike namba ya gari?
2. Ubani na fidia vinatofautianaje?
3. Nani katika kata yetu ni msaidizi wa kisheria? Mtafuteni kabla ya kipindi kijacho.