Kahawia Kwenye Kioo: Protini, Virusi na Saratani za Pua na Koo



Nimekuja na vioo viwili vya darubini. Juu ya kila kimoja kuna kipande cha nyama chembamba kuliko karatasi ya kusokotea sigara, kilichokatwa kwenye findo la mtu mwenye saratani. Vyote vimetiwa dawa ya kusaka protini iitwayo p16, na vyote vimegeuka kahawia. Kwa mazoea ya maabara nyingi ningeandika ripoti moja, nikabadilisha jina tu. Lakini watu hawa wawili hawaugui ugonjwa mmoja.

Nitarudi kwao. Kwanza twende Kampala.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, aliandika habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Machi 1961 aliueleza katika Hospitali ya Middlesex, London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein, mtu aliyesaka virusi ndani ya saratani wakati fikra hiyo haikuwa na wapenzi wengi. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Desemba 1963 ukungu uliilazimisha ndege kutua Manchester, na kichupa kilipofika London maji yake yalikuwa yamechafuka. Mwenye haraka angesema ni bakteria, akamwaga. Epstein aliweka tone chini ya darubini akakuta seli hai zinaelea, zimejinasua zenyewe kutoka kwenye nyama. Seli hizo zikakubali kukuzwa, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi ambacho leo kina majina ya wawili kati yao. Achong aliachwa nje ya jina. Mimi bado sijaridhika.

Mwaka 1966 kundi la Lloyd Old huko New York lilipima damu za wagonjwa wa uvimbe wa Burkitt kutafuta kingamwili za kirusi hicho, na damu za wagonjwa wa saratani nyingine zikawekwa pembeni kwa ajili ya kulinganisha tu. Ndipo wagonjwa wa saratani ya koo la pua, yaani kile chumba kilicho nyuma ya pua, juu ya kimio, walipokutwa na kingamwili zilezile. Mmoja wa walioandika ripoti hiyo ni Peter Clifford, aliyekuwa daktari Nairobi. Mwaka 1970 Harald zur Hausen na wenzake wakaikuta DNA ya kirusi ndani ya uvimbe wenyewe.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho kirusi cha Epstein-Barr. Kwetu mtoto hukipata mapema, kwa mate: kikombe kimoja cha uji kwa wote, au bibi anayemtafunia chakula. Hukaa nacho maisha yake yote bila kujua. Kingamwili za kawaida, basi, zinasema tu kwamba kirusi kiliwahi kupita mlangoni. Kuhusu kinachotendeka chumbani hazisemi kitu.

Na kirusi peke yake hakitoshi. Mwaka 2020 dunia ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya wapatao 133,000 wa saratani hii, wengi mno wakiwa kusini mwa China na Asia ya Kusini-Mashariki. Kenya na Afrika Kaskazini ziko katikati kwa kiwango cha ugonjwa. Urithi una sehemu yake, na samaki wa chumvi wa mtindo wa Kichina anayelishwa mtoto tangu utotoni ana yake. Wapenzi wa ng'onda msinitazame hivyo! Hukumu ya wataalamu wa saratani ilimhusu samaki wa Kichina, ng'onda hakutiwa hatiani.

Tunachohitaji ni alama inayoonyesha kirusi kikiwa kazini. Ndani ya seli ya koo la pua kirusi hutengeneza protini chache tu. Moja, EBNA1, hukifunga kwenye kromosomu ili seli inapogawanyika kisipotee. Nyingine, LMP1, hujichomeka kwenye utando wa seli na kufanya kazi kama swichi ya taa iliyokwama: seli huamriwa ikue ingawa hakuna aliyeigusa. Mtu angetarajia tuitumie LMP1 kama kipimo. Hatuitumii, kwa sababu uvimbe mwingi hauionyeshi, au huionyesha kwa mabakamabaka. Tunapima RNA ndogo za kirusi zinazojaa kwenye kiini cha seli. Katika damu tunasaka vipande vya DNA ya kirusi vinavyomwagwa na seli za uvimbe zinapokufa. Huko Hong Kong wanaume 20,174 wa umri wa miaka 40 hadi 62, wasio na dalili, walipimwa hivyo, na matokeo yakatolewa mwaka 2017. Waliokutwa na DNA hiyo mara mbili mfululizo walikuwa 309, na 34 kati yao walikuwa na saratani, wengi ikiwa bado changa.

Sasa vioo vyangu. Findo na shina la ulimi ni nyumba ya kirusi kingine, HPV ya aina ya 16, ileile ambayo wasichana wetu wanachanjwa kwa sababu ya shingo ya kizazi. Kirusi hiki kina protini iitwayo E7, inayoishika na kuivunja protini yetu iitwayo Rb, ambayo kazi yake ni kuzuia seli isigawanyike ovyo. Fikirini daladala lililokatika breki kwenye mteremko. Dereva anakanyaga kwa nguvu zake zote, gari haliitiki, anazidi kukanyaga. p16 ni huo mguu. Seli huimwaga kwa wingi ikijaribu kujizuia, nasi tunaiona kahawia. Waya uliokatika hatuuoni, na aliyeukata hatumwoni kabisa.

Ndiyo maana kahawia hii ilipendwa: ni rahisi, na kwa Marekani inasema kweli mara nyingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba miaka mitatu baada ya tiba walikuwa hai asilimia 82 ya wenye HPV, dhidi ya asilimia 57 ya wasio nayo. Mwaka 2017 p16 ikaingizwa kwenye mwongozo wa kupanga hatua za ugonjwa. Lakini mwaka 2023 rekodi za wagonjwa 7,654 wa nchi mbalimbali zilikusanywa, na kwa karibu mmoja kati ya kumi p16 na kipimo cha kirusi vilikuwa havipatani. Wagonjwa hao waliishi zaidi ya wasio na alama yoyote, na pungufu sana ya wenye zote mbili. Na pale ambapo HPV ni nadra kooni, pale ambapo tumbaku na pombe ndizo zenye makosa, ndipo kahawia isiyo na kirusi ilipoonekana zaidi.

Kosa la kuamini alama moja nalijua. Nilipokuwa daktari mchanga, mzee mmoja alikaa miezi minane akimeza dawa za kifua kikuu kwa sababu ya tezi shingoni. Sikio lake moja lilikuwa limeziba na pua ikitoka damu upande huohuo. Hospitali ile, ambayo siitaji, haikuwahi kumtazama nyuma ya pua, na mimi nilikuwa mmoja wa waliosaini kadi yake.

Narudi kwa wale watu wawili. Kioo cha kwanza ni cha mwanamke asiyevuta sigara. RNA ya HPV imejaa. Cha pili ni cha seremala aliyevuta kwa miaka thelathini. Kipimo cha kirusi kimerudi mara mbili bila kitu. Kwenye ripoti yake nimeandika p16 ipo, HPV haipo, kisha nikampigia simu daktari wa mionzi asije akasoma mstari wa kwanza tu.