Mhogo, Virusi na Haki ya Kujua

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali)



Mhogo hauheshimiwi sana mezani mpaka mvua zikose. Hapo kila mtu huukumbuka. Kwa sababu hiyo afya ya mhogo ni jambo la siasa, wala haifai kuachiwa mabwana shamba peke yao.

Magonjwa yake makubwa ni mawili, na yote huletwa na virusi. Ugonjwa wa batobato, unaokunja majani na kuyatia mabaka ya njano, ulielezwa mwaka 1894 katika nchi yetu hii. Ule wa michirizi ya kahawia ulielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey wa kituo cha Amani, Usambara. Huu wa pili ni mdanganyifu. Shina husimama, majani huridhisha macho, na mama aliyengoja mwaka mzima huja kung'oa mizizi iliyooza ndani. Nzi weupe huyaeneza yote mawili, lakini mwenezaji anayekwenda mbali zaidi ni sisi wenyewe, tunapogawiana pingili kwa ujirani mwema.

Amani walipambana kwa kuuzalisha mhogo pamoja na jamaa yake, mti wa mpira. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi. Aina moja iliyotoka huko, namba 46106/27, wakulima wa pwani ya Kenya huiita Kaleso. Huku kwetu ni Namikonga, na hadi leo wataalamu huitumia kutafuta kinga ya michirizi.

Mwaka 1986 Roger Beachy na wenzake, huko Marekani, walifungua njia nyingine. Walitwaa kinasaba cha virusi kinachotengeneza ganda lake, wakakipachika katika tumbaku. Baadhi ya mimea haikuugua, na mingine ilichelewa kuugua. Huko Puna, Hawaii, ambako virusi vya mapapai viliingia mwaka 1992, mbegu za kundi la Dennis Gonsalves ziligawiwa wakulima bure mwaka 1998, baada ya wenye hataza kutoa idhini. Naomba neno hilo, hataza, lishikwe vizuri, kwa maana mwenye hataza angeweza pia kukataa.

Mhogo nao umefikiwa. Mwaka 2021 Kenya iliidhinisha mhogo namba 4046, uliotayarishwa na watafiti wa Kenya, Uganda na Marekani. Mmea huo umepewa vipande vya urithi wa virusi vya michirizi, ukavitambua virusi vyenyewe vinapoingia na kukatakata ujumbe wao kabla havijazaana. Lakini tusishangilie upesi. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba mhogo wa aina ya TME 204, ulipokuzwa upya maabara kutokana na chembe zake, ulipoteza kinga yake ya asili dhidi ya batobato. Mlango mmoja ulifungwa, mwingine ukabaki wazi.

Sisi, mwaka 2018, Serikali ilisimamisha majaribio ya mbegu za namna hii Makutupora, Dodoma. Hofu ya kuwa watumwa wa makampuni ya mbegu ina msingi, nami ninayo. Lakini kuzuia mbegu isiuzwe ni jambo moja, na kumzuia kijana wetu asijifunze kuichunguza ni jambo jingine kabisa. Asiyeweza kupima hawezi hata kukataa kwa hoja. Atapokea ripoti ya mgeni na kuipiga mhuri. Naona basi maabara zetu zingeruhusiwa kufanya utafiti huu nyuma ya uzio, chini ya usimamizi wetu, na matokeo yake yawe mali ya umma.

Wakati hayo yakijadiliwa, ndugu walimu, shamba la shule lisingoje. Kabla ya kugawa pingili, ng'oeni shina na kupasua mizizi yake. Penye madoa ya kahawia, pingili za shina hilo zichomwe, hata kama majani yake yanapendeza.