Joto la Kaskazi Linakaribia: Tuanze na Paa

Ifuatayo ni mada iliyotolewa kwa kamati za parokia za ukanda wa Pwani katika semina ya maandalizi ya bajeti, mbele ya wawakilishi wa wafadhili wetu. Tumeichapa kwa maombi ya wajumbe waliohudhuria.



Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya joto, na nimewaona baadhi yenu mkitabasamu mliposoma ratiba. Ninawaelewa. Mtu aliyezaliwa Tanga au Bagamoyo akiambiwa habari ya joto anaona kama samaki anafundishwa habari ya maji. Tumelizoea. Tunajipepea kwa kitabu cha nyimbo, tunafuta jasho, tunasubiri masika. Lakini nimekuja kuomba jambo la fedha, kwa hiyo naomba mnivumilie nianze na mwili wa binadamu, kisha tutafika kwenye bajeti.

Mwili hutengeneza joto mchana na usiku, na unataka kubaki karibu na nyuzi 37. Hewa ikiwa ya joto, njia kubwa iliyobaki ya kulitoa ni jasho. Sasa hapa ndipo wengi hatuelewi: jasho halipozi kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Jasho linalodondoka sakafuni halijapoza chochote. Ni maji na chumvi tuliyopoteza bure. Mtu wa Dodoma mwezi wa Oktoba, hewa ikiwa kavu, anaweza kuona nyuzi 32 ni siku ya kawaida, maana kanga aliyoanika saa nne ameianua saa tano. Sisi huku kati ya Desemba na Machi, kipindi cha upepo wa kaskazi, tunapata nyuzi hizo hizo 32 au 33, lakini chumvi mezani imelowana na nguo hazikauki. Hewa imeshajaa maji, haina pa kuweka jasho letu. Na usiku, badala ya kupumzika, tunabaki karibu na nyuzi 25. Mwili haupati likizo.

Kwa kijana mwenye afya hayo ni usumbufu. Kwa bibi mwenye umri wa miaka 75 anayetumia dawa za shinikizo la damu, kwa mama mjamzito, kwa mtoto mchanga, kwa fundi anayebeba zege saa nane mchana, ni hatari ya kweli. Baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo, kwa hiyo mgonjwa hupungukiwa maji haraka zaidi. (Asiziache mwenyewe! Aende zahanati aulize.) Kundi lingine tunalolisahau ni wageni. Kijana aliyetoka Njombe au Mbeya jana kuja kufanya kazi Dar es Salaam, mwili wake unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea. Vivyo hivyo ninyi wafadhili wetu kutoka Ulaya, mnaopenda kututembelea Januari ili kukimbia baridi ya kwenu, kisha mnataka kukagua miradi mitano kwa siku moja bila kofia. Karibuni sana, lakini tutawapangia miwili, na yote kabla ya saa nne.

Chicago, Julai 1995

Ili msidhani natia chumvi, nitawapeleka mbali kidogo. Mwezi Julai mwaka 1995 jiji la Chicago, Marekani, lilipatwa na siku chache za joto lenye unyevu mwingi. Waliokufa walizidi 700. Ufaransa, Agosti 2003, walikufa takriban watu 15,000. Karachi, Pakistani, Juni 2015, zaidi ya 1,000, katikati ya mfungo wa Ramadhani na umeme ukikatika. Hizo ni nchi zenye hospitali kubwa kuliko zetu.

Habari ya Chicago inatuhusu sana. Msomi mmoja wa elimu ya jamii, Eric Klinenberg, alichunguza vifo vile na kitabu chake kikatoka mwaka 2002. Alilinganisha mitaa miwili inayopakana, yote ya watu maskini, yote yenye wazee wengi wanaoishi peke yao. Mtaa mmoja, North Lawndale, ulipoteza watu kwa kiwango cha takriban mara kumi ya mwenzake, South Lawndale. Hali ya hewa ilikuwa ile ile. Tofauti mojawapo kubwa ilikuwa kwamba kule South Lawndale barabara zilikuwa na maduka, watu, makanisa yaliyochangamka, na wazee walitoka nje na kuonana na wenzao. Kule kwingine wazee walijifungia ndani kwa hofu ya wezi, madirisha yamefungwa, hakuna anayebisha hodi.

Nimesoma hayo nikafikiria nyumba zetu za siku hizi za Kimara na Mbagala: ukuta mrefu, geti, madirisha ya vioo yanayofungwa usiku kwa hofu hiyo hiyo, na bibi chumba cha nyuma. Sisi tuna jumuiya ndogo ndogo. Kila jumuiya inajua nani ni mzee, nani mgonjwa, nani anaishi peke yake. Tunawajua vizuri wakati wa kukusanya michango. Naomba basi orodha hiyo itumike pia kuanzia Desemba. Mtu mmoja wa jumuiya apite mara moja kwa siku, mchana na si jioni, aone kama bibi amekunywa maji, kama dirisha liko wazi, kama anaongea sawasawa. Haihitaji posho.

Mtu akianguka

Mara kwa mara Februari tunaona mtu anaanguka kanisani. Wengi wao wamezimia tu kwa kusimama muda mrefu na kupungukiwa maji. Wakilazwa kivulini na kunywa, wanaamka. Lakini yupo ambaye mwili unachemka, nyuzi 40 na zaidi, anaongea maneno yasiyoeleweka, anapigana, au hajibu kabisa. Huyo yuko katika hatari ya kufa, na hapa tuna desturi mbili zinazotuchelewesha.

Ya kwanza ni kudhani kila joto la mwili ni malaria. Anapewa kidonge cha kutuliza homa na kulazwa chumbani. Kidonge hicho hakishushi joto la aina hii, kwa sababu halikuletwa na ugonjwa bali na jua na hewa. Kipimo cha malaria kifanyike, ndiyo, lakini kwanza apozwe. Ya pili ni kumzunguka. Watu ishirini wanasimama juu yake wakimwombea, wengine wanasema ni pepo, na hewa yote imezibwa. Sala ni njema. Waombee watu watatu, wengine wakachote maji.

Mvueni nguo nzito, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni kwa nguvu bila kuacha, na muendelee kumwagia hata ndani ya gari kwenda hospitali. Kupoza kwanza, safari baadaye, maana kila dakika ubongo unaumia. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Aliye macho na aliyetoka jasho jingi anywe maji, au maji ya chumvi na sukari mnayoyafahamu kwa ajili ya kuhara: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Dafu pia ni zuri. Soda si dawa, ingawa najua ndiyo tunayomkimbilia mgeni.

Kuhusu ratiba nitapita haraka, maana Paroko yupo na sitaki kuingilia kazi yake. Njia ya Msalaba saa tisa alasiri Ijumaa ya Kwaresima, nje, katika Machi yetu, kwa watu waliofunga: ikiwezekana kuisogeza hadi saa kumi na moja, wazee wangeshukuru. Mwaka 2025 Kwaresima na Ramadhani zilianza wiki moja, zote katika joto hilo; jirani zetu Waislamu nao walikuwa na hali hiyo hiyo, na ndoo ya maji baridi nje ya geti la parokia saa ya magharibi isingekosa wanywaji. Kwaya zishone sare za pamba, si zile zinazong'aa. Na akina mama, mtoto mchanga wa Pwani hahitaji sweta na kofia ya sufi mwezi wa Januari.

Dari

Sasa fedha. Majengo yetu mengi ya miaka ya karibuni, zahanati, chekechea, kumbi, yamejengwa kwa tofali la saruji na bati. Mchoro unakuwa na dari. Katikati ya ujenzi saruji inapanda bei, kamati inakaa, na kitu cha kwanza kufutwa ni dari. Cha pili ni matofali ya matundu juu ya madirisha. Cha tatu ni miti. Jengo linakamilika, linabarikiwa, picha inapigwa, na ndani kuanzia saa sita mchana bati linawamwagia joto watoto kama jiko lililogeuzwa juu chini.

Babu zetu wa pwani hawakujenga hivyo. Mji Mkongwe Zanzibar na Lamu wana kuta nene za mawe ya matumbawe na vichochoro vyembamba vyenye kivuli mchana kutwa. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi unaopitisha upepo kutoka barazani hadi uani. Sisemi turudi kwenye makuti. Yanawaka moto na yanavuja. Nasema walijua jambo tulilolifuta kwenye bajeti.

Na wafadhili, hili linagusa pia fedha mlizokwisha kutoa. Mmetuletea vyandarua vingi. Mnapouliza kwa nini mtu ana chandarua na hakitumii, jibu mojawapo linalotajwa sana ni joto: ndani ya chandarua upepo haufiki, na chumba chenyewe kinafuka. Katika kijiji cha Magoda, wilaya ya Muheza mkoani Tanga, zilijengwa nyumba chache za majaribio zenye kuta zinazopitisha hewa na nyavu za kuzuia mbu, baadhi zikiwa na vyumba vya kulala ghorofani. Matokeo yalitolewa mwaka 2017: ndani palikuwa na ubaridi zaidi kwa nyuzi 2 na kidogo kuliko nyumba za kawaida za pale, na mbu walioingia walikuwa wachache mno, hasa zile za ghorofa. Nyuzi 2 zinasikika ndogo. Aliyelala chini ya bati Februari anajua thamani yake.

Kwa hiyo ninaloomba ni hili. Katika kila ombi la jengo litakalotoka ukanda huu, dari, matundu ya hewa na nyavu za madirisha viandikwe pamoja na paa, katika mstari mmoja wa bajeti, ili asiweze mtu kufuta kimoja na kubakiza kingine. Jengo lilazwe mashariki na magharibi kwa urefu, madirisha yatazame kaskazini na kusini. Hapo linakwepa jua la asubuhi na la alasiri, na linapata pepo zetu zote mbili. Hilo halina gharama, ni suala la kumwambia fundi kabla hajachimba msingi. Kwa majengo yaliyopo, bati lililoshika kutu lisuguliwe na kupakwa rangi nyeupe. Jiji la Ahmedabad, India, lililoanzisha mpango wake wa kukabili joto mwaka 2013 baada ya vifo vingi vya Mei 2010, limekuwa likipaka mapaa ya nyumba za maskini rangi nyeupe, na ni kazi ambayo vijana wa parokia wanaweza kuifanya Jumamosi mbili.

Kiyoyozi je? Naulizwa kila mara. Chumba cha kuhifadhia dawa cha zahanati, ndiyo, maana dawa nyingi hazitakiwi kukaa juu ya nyuzi 30 na tunazipika bila kujua. Ukumbi, hapana. LUKU itakwisha kabla ya mahubiri, na umeme ukikatika mtabaki na jengo lisilo na dirisha. Feni zinatosha kwa joto la kiwango chetu.

Najua, ndugu wafadhili, kwamba dari haikatiwi utepe wala haina mahali pa kubandika kibao cha shukrani. Najua pia, ndugu wajumbe, kwamba mkirudi nyumbani mtaulizwa kwa nini jengo la darasa limepungua chumba kimoja. Mimi ningechagua vyumba viwili vinavyokalika kuliko vitatu vinavyofungwa saa sita. Kamati itakayoona vingine iseme leo, tuko hapa hadi saa kumi.

Fomu za kukagua mapaa ziko mezani kwa katibu. Zirudishwe kabla ya mwisho wa Oktoba, tupate kupaka rangi kabla kaskazi haijaanza kuvuma. Miche ya miarobaini itagawiwa mvua za masika zikianza. Pandeni upande wa magharibi wa jengo.