MARADHI YA NDEGE NA AMANA YA MCHINJAJI

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, Muumba wa kila chenye roho, kirukacho angani na kitembeacho juu ya ardhi. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na Sahaba zake wote.

Ndugu Waislamu mliohudhuria msikitini, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani katika Tarime na Sirari, Nyamongo na Mugumu, na vijijini kandokando ya Mto Mara:

Leo tumeazimia kuzungumza juu ya hofu. Kila zinapofika habari za homa ya mafua ya ndege kutoka nchi za mbali, majumba yetu hugawanyika. Huyu husema maangamizi yamekaribia, tusile tena kuku wala yai. Yule husema hayo ni maneno ya watu wanaotaka kuuza dawa, na kuku ameumbwa aliwe. Na wa tatu hasemi neno. Akimwona kuku wake ameanza kusinzia, humwahi kwa kisu au humtia tengani, akampeleka mnadani kabla hajafa. Huyu wa tatu ndiye hasa tunayetaka kusema naye, lakini yatupasa kwanza tuwajibu wale wawili.

Maradhi haya ni ya kweli. Mwaka 1997, huko Hong Kong, watu 18 waliambukizwa, na 6 kati yao wakafa. Mwezi wa Februari 2006 yaligunduliwa Nigeria, kwa mara ya kwanza katika bara letu la Afrika, na mwezi huo huo yakaonekana Misri. Habari ya Misri yatuhusu sana. Huko akina mama wengi hufuga kuku na bata juu ya dari za nyumba zao, kama sisi tufugavyo uani na jikoni, na miongoni mwa waliougua walikuwamo wanawake na watoto wengi, yaani wale wanaowalisha ndege, wanaowashika, wanaowachinja na kuwanyonyoa. Katika miaka iliyofuata Wamisri zaidi ya 350 waliugua, na karibu 120 wakafariki. Duniani kote, tangu mwaka 2003, wameugua watu zaidi ya 900, na karibu nusu yao wamekufa.

Basi anayesema ni uzushi amekosea. Lakini na yule anayetangaza maangamizi naye azitazame hesabu hizo hizo. Ni watu zaidi ya 900 katika miaka zaidi ya 20, ilhali kuku na bata waliokufa au kuangamizwa ni mamilioni kwa mamilioni. Sababu ni kwamba kirusi hiki hakijapata njia nyepesi ya kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu mwingine. Wanachokihofia wataalamu ni siku kitakapobadilika kikaipata njia hiyo, kama mafua ya mwaka 1918, yaliyopita katika kila bara, na ambayo waliochunguza hukadiria kwamba yaliua watu wapatao milioni 50. Ndiyo maana wanahesabu kila ndege aliyekufa na kila mtu aliyeugua. Na ndiyo maana walishtuka mwezi wa Machi 2024, maradhi haya yalipokutwa kwa ng'ombe wa maziwa huko Marekani. Sisi watu wa Mara, ambao ng'ombe ndio mali yetu, tulipaswa kuisikia habari hiyo kwa masikio mawili. Kirusi kilionekana katika maziwa mabichi, na moto hukiua. Aliyekuwa akisita kuchemsha maziwa kwa sababu ya maradhi mengine tunayoyajua siku nyingi, sasa amepata sababu ya pili.

Wala msidhani kwamba jambo hili ni la ng'ambo tu. Mwezi wa Januari 2017 ndege wa mwituni walikutwa wamekufa ukingoni mwa Ziwa Viktoria karibu na Entebbe, na katika Masaka bata na kuku wa kufugwa pia wakapatikana na maradhi. Aina ile haikuripotiwa kumwuguza mtu yeyote Uganda, namshukuru Mola. Lakini ziwa lile ndilo hili hili ambamo Mto Mara unamwaga maji yake, baada ya kupita Serengeti na Tarime. Kila mwaka, baridi iingiapo Ulaya na Asia, ndege wa huko huja kwetu. Korongo weupe huonekana mbugani, na wengine wengi hushukia katika mabwawa ya mto. Hawapiti Sirari wala hawagongewi muhuri.

Hapa wapo wanaoanza kuwatazama ndege hao kama mkosi, na tumepata kusikia watoto wakiwapiga mawe. Enyi wanafunzi, sikilizeni. Waarabu wa zama za ujahilia walimtazama ndege: akiruka kuume walisafiri, akiruka kushoto waliahirisha safari. Bwana Mtume (s.a.w.) aliibatilisha imani hiyo, na kwa hiyo bundi akilia juu ya paa la nyumba yako, huyo ni bundi aliaye tu. Lakini Mtume huyo huyo, aliyekataza kumwogopa ndege kwa ndoto za uaguzi, alimkataza pia mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka wakachanganyike na ngamia wazima wa mwenzake. Ayashikaye mafundisho haya mawili kwa pamoja hatapotea: hatamwogopa ndege arukaye, na hatamleta kuku mgonjwa penye kuku wa jirani.

Kadhalika mnakijua kisa cha Sayyidna Umar (r.a.). Alikuwa njiani kwenda Sham, akapokewa mahali paitwapo Sargh na kuambiwa kwamba tauni imeingia katika nchi. Akataka shauri la Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi. Baadhi walisema aendelee, baadhi walisema arudi. Akaamua kurudi. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akamjibu kwamba anatoka katika kadari moja kwenda katika kadari nyingine, akampigia mfano wa mchungaji aliyefika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: upande wowote atakaolisha, ni kwa kadari. Wafugaji wa Tarime hawahitaji tafsiri ya mfano huo. Abu Ubayda mwenyewe alifariki kwa tauni iliyoitwa ya Amwas, mwaka wa 18 Hijria, na hatumdhanii ila kheri.

Na mkoa huu wetu una kumbukumbu yake. Katika miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika ya Mashariki ikamaliza ng'ombe na nyati, na nyuma yake ikaja njaa. Ilihitaji zaidi ya miaka 100 na chanjo nyingi hata ulimwengu ukatangaziwa, mwaka 2011, kwamba sotoka imetoweka. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuanguka na kutetemeka, na kiasi cha theluthi moja yao wakafa kwa maradhi yanayotokana na mbwa. Baadaye mbwa wa vijijini wakachanjwa. Watu wa Mugumu hawana haja ya mgeni kuwafundisha kwamba maradhi ya mnyama wa nyumbani huvuka mpaka yakamfikia wa porini, na ya porini yakarudi nyumbani.

Sasa tuje uani kwetu. Kuku wengi wanaokufa kwa mkumbo vijijini huuawa na mdondo, ambao wengine wauita kideri. Naam, lakini mdondo na homa ya mafua ya ndege hufanana: kuku huzubaa, hupumua kwa taabu, huharisha, na banda zima huweza kwisha kwa siku chache. Jicho la mfugaji haliwezi kuyapambanua, wala la imamu, hupambanuliwa maabara. Mdondo una chanjo. Ile iitwayo I-2 ni tone moja katika jicho la kuku, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, nayo huvumilia joto kuliko chanjo za zamani. Tunaisisitiza kwa sababu ambayo watu hawaifikirii. Katika kijiji ambacho kila mwaka kuku hufa kwa mdondo, nani atashtuka wakifa kwa jambo jingine? Kijiji kilichochanja, kuku wake wakifa ghafla, hapo papo watu watajua kwamba kuna jambo geni, nao watamwita bwana mifugo.

Na hapa ndipo tunaporudi kwa yule wa tatu.

Ndugu yetu, hatukutukani. Twajua kwamba katika nyumba nyingi za kwetu ng'ombe ni wa baba, na kuku ni wa mama. Kuku ndio chumvi, ndio daftari la mtoto, ndio nauli ya kwenda hospitali. Mama anayewaona wanasinzia alfajiri anaona akiba yake yote ikimwagika, na kisu kinaonekana kuwa wokovu. Lakini kuchinja kwa jina la Mwenyezi Mungu huondoa unyamafu, hakuondoi maradhi. Sheria yetu yataka chakula kiwe halali na kiwe kizuri, na mambo hayo mawili hayatengani. Tena katika maradhi haya hatari kubwa haiko sahanini, kwani nyama iliyoiva sawasawa na yai lililokauka havidhuru. Hatari iko mikononi mwa anayechinja, anayetia katika maji ya moto, anayenyonyoa na kutoa matumbo, aghalabu binti wa nyumba akiwa na mdogo wake mgongoni.

Mnajua pia kwamba katika minada yetu mchinjaji mara nyingi ni Muislamu, na majirani zetu Wakristo, na wazee wanaofuata mila, hula nyama hiyo kwa kutuamini. Hawatuulizi. Ni amana iliyo nzito kuliko kisu chenyewe. Bwana Mtume alipopita sokoni alitia mkono katika lundo la nafaka, akaona chini ni mbichi na juu ni kavu, akamkemea mwenye mali kwa kuificha aibu ya bidhaa yake, akasema kwamba mdanganyifu si katika sisi. Kuku mgonjwa katikati ya tenga la wazima ni lundo lile lile. Na mchinjaji akiletewa kuku anayeinamisha kichwa, akakataa kumchinja, akamjulisha bwana mifugo, huyo ameilinda wilaya nzima kuliko hotuba yetu hii.

Maneno hayo yawafikie na wapitishao matenga kwa njia za panya kati ya Isebania na Sirari. Mwezi wa Oktoba 2017 vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya vilikamatwa Namanga na kuteketezwa kwa moto, sababu iliyotolewa ikiwa ni kuzuia mafua ya ndege. Watu walilalamika pande zote mbili za mpaka. Sisi nasi moto hatuupendi kwa chenye roho, na tungetamani njia nyingine. Lakini aliyevipitisha bila cheti cha daktari wa mifugo hawezi kujitoa katika lawama.

Na wenye kueneza uvumi wasijione wamesalimika. Mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006 bei ya kuku Kenya iliporomoka kwa hofu tu, ilhali hakuna kuku hata mmoja wa huko aliyekutwa na maradhi hayo. Waliokula hasara walikuwa wafugaji wadogo.

Jambo moja limebaki, nalo ni zito kwetu tunaosema kuliko kwenu mnaosikiliza. Tukimwambia mjane wa Nyamwaga asiuze, asichinje, awazike kuku wake katika shimo la kina ambalo mbwa hawezi kulifukua, wala asiwatupe mtoni, kisha aende kutoa habari, tumemwambia apoteze. Ni nani atakayemfidia? Kama jibu letu ni dua peke yake, basi tusishangae akificha. Kila jamaa ya msikiti iweke fungu katika sadaka zake, hata liwe dogo, ili aliyesema kweli akabaki mikono mitupu, Muislamu au asiye Muislamu, apewe matetea wawili na jogoo wakati banda litakapokuwa limesafishwa na bwana mifugo ameruhusu.

Twawaomba maimamu, baada ya sala ya leo, wawabakishe wachinjaji wa minada yao kwa muda mfupi, wapeane namba ya simu ya afisa mifugo wa kata, na wapatane ni nani atakayempigia akiletewa kuku wa namna hiyo siku ya mnada. Na aliyeshika fungu la sadaka naye abaki pamoja nao.

Aqimu swala.